Sikio la Baba na Kabureta Mbili

Baba alipotoka kwa daktari wa masikio hakutaka mazungumzo. Nilimwendesha kutoka mjini mpaka nyumbani kwetu Kibuli, yeye anaangalia nje, mimi naropoka peke yangu, maana kimya kinanichosha kuliko kazi. Tulipofika uani akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mabati, akainua pembe ya turubai na kulitazama lile gari lake dogo la Kiingereza, ambalo halikuwa limewashwa tangu mama afariki. Kisha akanigeukia.

"Sikio la kulia limekwisha," akasema. "La kushoto linalifuata. Nataka nilisikie gari hili likiunguruma kabla sikio halijaziba. Mara moja tu, mwanangu."

Nikamjibu kwa sauti ya juu, "Sawa, Baba," naye akakunja uso. Hakupenda kupigiwa kelele. Na mimi sauti yangu ndiyo hii, nimeipata sokoni Kikuubo nikiuza vyombo vya plastiki kwa jumla, mahali ambapo asiyepaza sauti harudi nyumbani na kitu.

Ili mtu aelewe nilichokubali siku ile, lazima nieleze sikio hilo lilikuwa la namna gani. Baba ni mwenye duka na mwalimu wa Kurani. Wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani, wakatua hapa, wakaoa, wakabaki. Madrasa yake ilikuwa ile varanda ya nyuma ya duka. Watoto walikaa mkekani, kila mmoja na sura yake, wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Mgeni akipita angedhani kuna ugomvi. Baba alikuwa ndani anampimia mteja sukari, macho kwenye mizani, na ghafla anasema bila kuinua kichwa, "Wewe wa dirishani, umekata mapema. Vuta." Na kweli wa dirishani alikuwa amekata mapema.

Nilikuwa mmoja wa watoto wale, na mpaka leo sijui aliwezaje. Nilijaribu sana kumtega. Nilingoja wenzangu wakiwa wamepamba moto, nikasoma neno moja vibaya kwa makusudi, chini kwa chini, midomo haichezi. "Binti yangu, rudia," sauti ikatoka dukani. Nilimwogopa na nilijivunia yeye, vyote kwa pamoja, na kusema kweli hali hiyo haijanitoka.

Zile herufi ngumu zinazotoka kooni hakuzifundisha kwa maneno. Alichukua mkono wako, akaviweka vidole vyako kwenye koo lake, akatamka, nawe ukahisi panapotikisika. Kisha akaweka vidole vyake kwenye koo lako. "Haya, nisomee." Ukikosea alisema, "Umeipandisha. Shusha." Tukishuka mpaka panapotakiwa alisema, "Hapo," na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yenyewe. Hakuna mtoto aliyewahi kupata zaidi.

Aliacha kufundisha siku mtoto mmoja aliposoma sura nzima kwa makosa, wenzake wakaangua kicheko, na yeye akasema, "Vizuri, mwanangu." Aliona vile vicheko, hakuvisikia. Akafunga msahafu, akawaaga watoto kwa upole, na tangu hapo varanda ile tunaanikia nguo. Alipewa vile vifaa vidogo vya kuvaa masikioni. Alivivaa siku chache, akavitia kwenye kopo la sukari na kulifunga. Alisema vinamletea soko zima la Owino kichwani: vijiko, pikipiki, mbwa wa jirani, mimi. Kuwekwa pamoja na mbwa wa jirani kuliniuma, lakini sikubisha. Ninajijua.

Sasa gari. Lina viti viwili, rangi ya kijani iliyokolea, paa la turubai ambalo mvua huliheshimu ikipenda, na milango mifupi kiasi kwamba ukikaa ndani unaweza kuinama ukaokota jiwe barabarani. Baba aliuziwa na mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa anarudi kwao, Baba akiwa bado kijana. Alikuwa akienda nalo msikitini Ijumaa, kanzu nyeupe, kofia, upepo unampiga. Marehemu mama aliliita mke mwenza. Akilisikia linapanda mlima anasema, "Bibi mdogo huyo anakuja," na kwenda kutia chai.

Gari la kawaida la enzi zile lilivuta hewa na petroli kwa kabureta moja. Hili lina mbili, zimekaa pamoja ubavuni mwa injini. Miaka ya misukosuko, askari walipokuwa wakichukua gari lolote lililowapendeza, Baba alizifungua zote mbili, akazifunga kwa kanga ya mama, akazizika ndani ya gunia la mchele. Askari walikuja kweli. Wakalisukuma gari mpaka barabarani, wakapiga stata hadi betri ikafa, wakatukana, wakaliacha. Mama alipika mchele wa gunia lile huku anapapasa kwa mkono, asije akaivisha kabureta. Tangu hapo tuliziita mapacha.

Mapacha wana tabia yao. Lazima wavute pumzi sawasawa. Mmoja akivuta zaidi ya mwenzake, injini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Na Baba hakuwa na chombo cha kuwapimia isipokuwa kipande cha mpira wa kumwagilia maji. Ncha moja aliitia sikioni, nyingine akaisogeza kwenye mdomo wa kabureta, injini inanguruma, yeye amefumba macho. Alisikiliza mvumo wa pacha wa mbele, akahamia wa nyuma, akageuza skrubu kidogo kabisa, akarudi. Nikiwa mtoto nilisimama pale nikimshikia bisibisi, na nilikuwa na hakika kwamba wale mapacha wanamsomea, na wakikosea wataambiwa warudie.

Basi nikaanza. Jumapili Kikuubo hulala kidogo, nami nikazifanya Jumapili kuwa za gari. Nilimwita fundi anayetengeneza pikapu yangu ya mzigo, mtu mtaratibu sana, baba zake askari polisi kutoka kaskazini, na Kiswahili chake kimetoka naye kambini. Alilizunguka gari mikono nyuma, akachungulia chini ya usukani, akachungulia tena.

"Mama," akaniuliza, "hii gari, bongo yake iko wapi? Mimi nachomeka kompyuta wapi?"

"Haina," nikamwambia. "Bongo yake ni yule mzee aliyekaa barazani."

Mzee wa barazani hakuwa na habari nasi. Alikaa na tasbihi yake, anatazama ukuta. Nilikuwa nimetegemea kwamba akiona turubai limeondolewa atashuka kutusimamia, atatufokea hata, lakini wapi. Alikuwa ametoa ombi lake, akarudi kwenye kimya chake, na kila nilipopaza sauti kumuuliza jambo alijibu jambo lingine. Nilikuwa nikirudi kwenye injini nimefura.

Lakini injini yenyewe ilinituliza. Sijui niseme vipi. Siku tulipofungua kifuniko cha juu, nilikuta safu ya vyuma vidogo vimejipanga vinang'aa kwa oili ya zamani, na fundi alipoizungusha injini kwa mkono, taratibu, kile cha kwanza kikabonyea, kikainuka, kikafuata kingine mahali nisipotarajia, kisha kingine, kila kimoja kinangoja zamu yake. Hakuna waya, hakuna taa, hakuna kompyuta. Mtu alikaa mahali fulani akafikiri zamu zile zote kabla chuma hakijakatwa. Nimeishi miaka yote hii nikiingia na kutoka kwenye magari kama naingia chooni, na sikuwahi kuona kitu hicho. Nikasema Subhanallah, na safari hii halikuwa neno la mazoea. "Zungusha tena," nikamwambia fundi. Akazungusha tena, naye hakulalamika, maana hata yeye alikuwa ameinama, kinywa wazi.

Tukabadilisha raba za breki, zilizokuwa zimegeuka unga. Tukasafisha tangi, likatoa uji wa kutu. Nikashona viti kwa ngozi niliyoitafuta Owino, nikadunga vidole mpaka nikaapa sitashona tena maishani. Kisha ikafika siku ya betri.

Katika mji huu kila gari, kuanzia teksi hadi lori linaloshusha ndizi sokoni Kalerwe, waya hasi wa betri unafungwa kwenye bodi. Hakuna anayeuliza, kama usivyouliza viatu vinavaliwa miguuni. Fundi alifunga hivyo, mimi nikakaza nati, hata hatukutazamana. Nikawasha taa za mbele. Mshale wa geji ya chaji ukaruka upande wa kulia, upande wa kujaza. Injini imelala, taa zinakula betri, na mshale unasema betri inashiba. Mimi na fundi tukautazama tu.

Nyuma yetu mtu akaanza kucheka. Baba alikuwa anapita na birika lake la udhu, akachungulia juu ya mlango, akauona ule mshale. Alicheka mpaka akaweka birika chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu varanda ile ianze kuanikiwa nguo.

"Mmelivalisha kanzu nyuma mbele," akasema. "Hili chanya ndiyo inakwenda kwenye bodi. Waingereza wa zamani walifunga hivyo. Geuzeni, geuzeni, kabla hamjaliudhi." Akaenda kutia udhu na kuswali, akarudi na kiti chake, akakiweka hapo hapo kando ya tairi. Hakurudi tena barazani.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa watatu. Nilijifunza kumgusa bega kwanza, kisha kumtazama usoni na kusema taratibu, maneno machache. Mtu anayenijua ataelewa mateso hayo. Fundi alisema nimekuwa mtu mzuri, na nikamwambia ashike spana yake aache umbeya. Baba aliwafungua mapacha mwenyewe juu ya meza ya jikoni. Ndani ya kila mmoja kuna pistoni ndogo inayopanda kwa pumzi ya injini na kushuka ndani ya oili. Aliiinua kwa kidole, akaiachia. Ikashuka polepole, ikatua na mlio mdogo wa chuma, tok. Aliinamisha sikio la kushoto mpaka karibu lishike meza. "Bado nausikia huo," akasema. Aliusikiliza tena na tena, na mimi nikamwacha, chai ikapoa.

Tulikuwa tumebakiza bomba la petroli. Nilikuwa nimeshaagiza, limeshafika mjini, nalisubiri Jumapili tu. Asubuhi moja Baba akanikuta jikoni, ameshatia udhu, amevaa kofia, akaniuliza muadhini ana nini leo, mbona kimya. Msikiti uko juu yetu hapo, kipaza sauti chake hutikisa vikombe kabatini. Muadhini alikuwa ndiyo kwanza amemaliza. Nilimtazama Baba, naye akasoma usoni mwangu. "Ahaa," akasema. Akaenda kuswali.

Mimi nilitoka uani nikalipiga gari teke. Lilikuwa kosa, tairi halikuumia na kidole changu kilivimba. Nikamlaumu aliyeuza bomba, nikalaumu Jumapili kwa kuwa ziko mbali mbali, nikajilaumu mimi kwa kushona viti. Nani aliniambia nishone viti? Alitaka kusikia, hakutaka kukaa. Nililia kwa hasira, kisha nikalia kwa kulia. Nikachukua turubai nikaanza kulifunika lile gari, liende zake.

Mkono ukaja ukashika turubai upande wa pili. Baba akalivuta, akalikunja vizuri, akaliweka chini.

"Nani kakwambia ndiyo basi?" akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua, majirani lazima waliisikia. "Jumapili tunafunga bomba."

Jumapili tukafunga bomba. Fundi akamwaga petroli. Nikageuza ufunguo, na pampu huko nyuma ikaanza kugonga, tiki tiki tiki, kisha ikanyamaza ilipojaza. Baba alikuwa ameweka kiganja juu ya pampu na akatikisa kichwa kwamba sawa. Nikavuta stata. Gari likakohoa, likapiga chafya ya moshi mweusi, likakataa. Nikavuta tena. Likashika.

Lilishika lakini lilikuwa linaumwa. Lilitetemeka zima, taa zinacheza, boneti inagonga, na glasi ya chai ya fundi iliyokuwa juu ya mudguadi ikaanza kutembea yenyewe kuelekea ukingoni. Fundi akaiokoa, akairudisha katikati. Wote tulijua ni nini. Mapacha hawavuti sawa.

Nikachukua mpira wa maji, ule ule wa zamani, nikautia sikioni. Pacha wa mbele: mvumo. Pacha wa nyuma: mvumo. Nikarudi wa mbele, nikaona ana nguvu zaidi. Nikarudi wa nyuma, yeye naye ana nguvu zaidi. Fundi akajaribu, akasema yeye anasikia upepo tu. Nilikuwa nimesimama karibu na mambo haya utoto wangu wote na sikuwa nimerithi hata punje.

Baba akaninyang'anya mpira. Akautia kwenye sikio la kushoto, akafumba macho, kofia ameisukuma nyuma, kama nilivyomjua. Akakaa hivyo. Niliona uso wake ukitafuta, ukitafuta, na nikaona ulipoacha kutafuta. Nilitaka kwenda kuzima gari. Mguu wangu ulikuwa umeshainuka.

Akautoa mpira sikioni. Akaifuta ncha yake kwa kanzu, akalowesha mdomo wa chini kwa ulimi, akaigusisha ncha pale kwenye mdomo. Upande wa pili akausogeza kwa pacha wa mbele, ndani kidogo kuliko tulivyofanya sisi. Akangoja. Akahamia wa nyuma. Akangoja. Kabureta inavuta, na mvuto ule unapanda ndani ya mpira mpaka kwenye mdomo uliolowa, baridi ndogo, na yeye alikuwa anaupima.

"Wa nyuma ana uroho," akasema.

Akanyoosha mkono, nikamtilia bisibisi kiganjani bila kuombwa, mkono wangu ulikumbuka wenyewe. Akageuza kidogo. Akalowesha mdomo. Mbele. Nyuma. Akageuza kidogo upande mwingine. Nilisimama pale nywele zimenisimama. Mtu huyu alikuwa amenyang'anywa kitu alichokijenga maisha yake yote, na hakupoteza muda kukililia, alihamisha shule yake kutoka sikioni kwenda mdomoni, hapo hapo, mbele yetu, injini inawaka.

Fundi akanigusa kiwiko, akanionyesha glasi. Chai ilikuwa imetulia. Gari linaunguruma, na chai ndani ya glasi imekaa kama iliyo mezani. Fundi akavua kofia yake, akaishika kifuani. Na mlio, jamani, ule mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mzito, mmoja, hauna mahali ulipoungwa, na ulikuwa ule ule uliokuwa ukipanda mlima wakati mama anatia chai. Niliusikia mzima mzima. Na yeye, aliyeuomba, hakuusikia.

Akaketi kwenye kiti chake, mkono wa kushoto juu ya mudguadi. Akanitazama. "Niambie," akasema.

Nikachuchumaa mbele yake, nikasema taratibu ili asome midomo yangu: "Linaunguruma vizuri, Baba. Limetulia."

Akatikisa kichwa. "Sikukuuliza habari zake," akasema. Akanyoosha mkono wa kulia, akaweka vidole viwili kwenye koo langu, palepale alipokuwa akiviweka nikiwa mtoto wa mkekani. "Nisomee."

Mwanamke mzima, mfanyabiashara, wajukuu wako njiani, nimechuchumaa uani kwangu na dera lenye grisi, majirani wamejazana ukutani, fundi ananitazama. Nikafungua kinywa nikaunguruma. Nilianza kwa aibu, ikatoka nyembamba.

"Umeipandisha," Baba akasema. "Shusha."

Macho yake yalikuwa yamefumba. Mkono mmoja kwenye gari, mmoja kwenye koo langu, alikuwa anatulinganisha. Nikashusha. "Bado. Chini zaidi, kifuani." Nikashusha tena, nikaisikiliza injini kama sijawahi kusikiliza kitu, nikauacha mlio wake uniingie na kunitokea, mpaka nikahisi koo langu linatikisika pamoja na bati lile la kijani.

"Hapo," Baba akasema.

Machozi yalikuwa yananishuka hadi kwenye vidole vyake, na hakuvitoa. "Hapo hapo. Usikate mapema."

Nikavuta hadi pumzi ikaniishia, nikachukua nyingine, nikaendelea.